Isale Ukutani

Uso wa marehemu mume wangu, Wenseslaus, una duara la chai. Linaanzia kidevuni, linapanda shavuni, linakata jicho la kushoto na kurudi lilikotoka. Ukiitazama picha ile kwa mbali utadhani mtu amefungwa kamba. Naandika habari yake ili mama mwenye mwana wa kukaa mezani na kuuliza watu vyeti amwonye mapema. Na mama mwenye binti kama wangu, naye ajionye.

Picha aliipiga binti yetu Avelina, hapa kwetu Uru, masika ya mwisho ya uhai wa baba yake. Kamera ilikuwa ya baba huyo huyo. Aliipata mpakani Holili kwa kubadilishana na maharage. Avelina alimaliza darasa la saba akarudi shambani kama wenzake, lakini alizunguka migombani na kile kisanduku kifuani kama mtu aliyebeba kichanga, akingoja mwanga upenye majani. Baba yake alitulia mbele yake kuliko alivyowahi kutulia mbele ya padri. Mkanda wenyewe ulikwisha kuoza kwa unyevu wa mlimani. Ilibaki picha ile moja.

Saba Saba ilipokaribia, ilitangazwa redioni kwamba kila mwananchi mwenye picha ya kazi na maisha ya mlimani aipeleke Moshi mjini, itundikwe ukumbini. Tukateremka kwa miguu, picha tumeiviringisha katika kanga yangu mpya.

Mwenyekiti wa kamati ya picha alikuwa Bwana Theodory, mtoto wa Mama Ndelilio, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Alisomea upigaji picha Ujerumani, na hata tai yake ilijua hivyo.

"Shikamoo," Avelina alimwamkia.

"Marahaba. Cheti?"

"Cheti cha nini?"

"Cha upigaji picha, binti. Au barua ya chuo."

"Redio ilisema kila mwananchi."

"Redio haijui picha." Wenzake wakacheka. "Tukimfungulia kila mwenye kisanduku, ukumbi utajaa harusi na vipaimara. Kazi hii ina shule yake. Huyu mzee, kwa mfano, umemkata miguu."

"Ilikuwa imevimba. Hakutaka ionekane."

Chai yake ililetwa, na kwa kuwa meza ilijaa makaratasi, akatua kikombe pale palipokuwa wazi: usoni pa mume wangu.

"Bwana," nikasema, "huyo ni marehemu."

"Oh, pole, mama." Akanyanyua kikombe, akapiga funda, akakirudisha pale pale.

Kuna hasira inayolipuka kama majani makavu ya mgomba, ikaacha jivu. Na kuna nyingine huumuka polepole kama mbege, pombe yetu ya ndizi, mtungini. Kila ukiifunika ndivyo inavyopata nguvu. Yangu ilikuwa hiyo ya pili. Sikumtukana mtu. Nilikwenda sokoni, nikawachagua wanawake wasiojua kufunga mdomo, nikawasimulia kwa sauti ya upole jinsi mtoto wa Mama Ndelilio alivyomwagia maiti chai ya moto. Wakashika vichwa. Nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani kusubiri. Najua mama wa Kichaga akisikia neno kama hilo juu ya mwanawe hawezi kulala.

Jumapili baada ya misa, Bwana Theodory alikuwa langoni kwetu, bila tai, ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Isale ni mmea wa mipaka na makaburi. Mtu akikukosea akaja na isale mkononi, hata kama amekuua nusu, humfukuzi. Unalipokea, mnakunywa mbege, neno limekwisha. Na yeye aliyelishika hapandishi sauti, wala habishi, mpaka lipokelewe.

Nilikuwa nikijifuta mikono niende kulipokea, Avelina akatoka ndani na kamera.

"Tulia hapo hapo, Bwana Theodory. Mwanga umekaa vizuri."

Bwana Theodory alifungua mdomo apinge. Akatazama jani, akainamisha kichwa. Kamera ikalia, ta!

"Samahani kama nimekukata miguu," Avelina akasema.

Nikalipokea isale. Nikachota mbege, nikaonja, nikampa. Alikunywa kama mtu aliyetua mzigo, akasema mwenyewe, bila kuombwa, "Avelina, picha zako zitatundikwa. Nitapigilia misumari kwa mkono wangu."

"Zote?"

"Zote. Bila cheti."

"Umelisema juu ya isale, mbele ya mama."

"Nimelisema."

Siku ya Saba Saba, tulipoingia ukumbini, nilizikuta zimekaa bega kwa bega: Wenseslaus na duara lake la chai, na kando yake Bwana Theodory, kichwa chini, jani mkononi. Alizipigilia mwenyewe. Angefanyaje? Neno la isale halirudi mdomoni.

Vibarua wawili wa mashamba ya miwa, wageni wa mkoa, walisimama mbele ya picha ya Bwana Theodory.

"Huyu vipi, anauza mboga?"

Mzee mmoja wa Uru akawanong'oneza. Wakageuka wote pamoja kumtazama mwenyekiti pale mlangoni, anayehangaika na tai yake.

"Lakini imepigwa vizuri. Kapiga nani?"

"Binti mmoja. Hana cheti."

Kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Nilipita mbele ya picha ile, nikarudi, nikapita tena. Utamu wake sijaonja mwingine.

Ndipo alipoingia Mama Ndelilio na mkongojo wake. Alimtazama kwanza Wenseslaus, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamtazama mwanawe ukutani. Jani lile alilikata yeye, kaburini kwa mumewe.

"Mama Avelina, ulilipokea?"

"Nililipokea."

"Ukanywa?"

"Nilikunywa."

"Basi hiki ni nini?"

Avelina ndiye aliyejibu, kwa adabu zote: "Ni picha, bibi."

Bibi akaikaribia hadi pumzi yake ikagusa karatasi. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Na huo ndio ubaya wake." Akaondoka, mkongojo ukigonga sakafu, na watu wakampisha njia.

Siku hizi wanakuja hadi kutoka Kwa Sadala kupigwa picha na Avelina. Hakuna anayemuuliza cheti. Wazee wazima humwamkia kabla hajawaamkia, wakasimama mbele yake wamenyooka kama walioitwa barazani. Bwana Theodory sasa huzunguka njia ya juu akienda kwa mama yake, asipite langoni petu. Mimi nililiotesha lile isale kaburini kwa Wenseslaus, na sijui kama nilikuwa na haki.

Juzi Avelina alinikuta uani, kando ya ua wa isale, nikianika kahawa.

"Mama, tulia hapo hapo. Mwanga umekaa vizuri."

Nikatulia. Nilitafuta tabasamu lisije. Nikaanza kukumbuka vibao nilivyompiga utotoni, maneno niliyomrushia siku ya msiba wa baba yake, shule ambayo sikumpigania. Jicho la kisanduku halikupepesa.

Aliposhusha kamera ndipo nilipohisi kitu baridi kiganjani. Mkono wangu, bila mimi kuutuma, ulikuwa umeshika isale la uani.