Uzi Uliokatika Bomani

Siku ya tatu tangu Sadala, fundi wa ngozi wa boma, atiwe mnyororoni, shaushi wa askari alifika Kibiti kumtafuta mke wa fundi huyo. Alimkuta Sikudhani uani akipepeta mpunga, akamwambia ajifunge kanga wafuatane. Habari zilikuwa zimefika bomani kwamba mwanamke huyu amekaa miaka sita ubavuni mwa mumewe akipaka uzi nta na kujaza bobini, na kwamba anaijua cherehani ya ngozi kama anavyokijua chungu chake. Basi aje aitengeneze. Ikishona kabla ya Ijumaa, mumewe atafunguliwa. Isiposhona, Ijumaa atanyongwa.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji. Kikosi cha askari kilikuwa tayari kwenda kupigana Ngarambe, na kilichokichelewesha ni mikoba sitini ya risasi. Ile ya zamani ilikuwa imeoza kwa unyevu wa mtoni. Ngozi mpya ilishakatwa, lakini cherehani ilikuwa imegoma. Kila ikienda vidole vinne uzi wa juu unakatika, na chini ya ngozi unabaki umejiviringa kama kiota. Sadala alisema mashine imechoka. Mdachi mkubwa wa boma alisema fundi ndiye aliyechoka kuishi.

Njia nzima Sikudhani hakuwa na shaka na mumewe. Sadala alikuwa mtu wa kufumua mshono mzima kwa sababu ya tundu moja lililokwenda upande. Mtu wa namna hiyo haharibu kazi makusudi. Ubovu utakuwepo mahali. Yeye atautafuta, atawaonyesha kwa kidole, na jioni watarudi wawili nyumbani.

Cherehani ilikuwa bandani nyuma ya ghala, chuma cheusi kizito, shingo yake nene kama paja la mtu. Alianzia pale mumewe alipomfundisha kuanzia. Alichomoa uzi wote akautunga upya, tundu kwa tundu. Ukakatika. Akabadili sindano, akatia iliyo nene zaidi. Ukakatika. Akalegeza skrubu ya mkazo kidogo, kisha kidogo tena. Mshono ukalegea ovyo, na uzi ukakatika vilevile. Akafungua chini, akapuliza vumbi la uzi, akatia mafuta, akajaza bobini nyingine. Vidole vinne tu.

Ndipo akafanya ambalo alipaswa kulifanya mwanzo: akautazama uzi pale ulipokatikia. Uzi uliovutwa kupita kiasi hukonda kabla ya kukatika. Huu ulikuwa umechambuka nyuzinyuzi, kama kamba iliyosuguliwa kwenye jiwe. Kuna kitu kinauma. Akapitisha ukucha kwenye bamba, pale sindano inapozama; palikuwa laini. Akashuka hadi kwenye ndoana, kile chuma cha chini kinachozunguka na kuukamata uzi wa sindano. Ukucha ukakwama.

Akaichomoa ndoana, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Palikuwa na mikwaruzo mitatu ya tupa, myembamba, imepangana sawasawa. Chuma hakichakai hivyo. Na kabla yake, pale bomani palikuwa na mtu mmoja tu awezaye kuifungua ndoana na kuirudisha mahali pake.

Alikaa na ile ndoana kiganjani mpaka shaushi akauliza kuna nini. Akajibu kuwa ni uzi, huenda uzi ndio mbaya, na kwamba lazima amwulize mumewe ulihifadhiwa wapi. Shaushi akampeleka gerezani, akasimama mbali kidogo, kwa sababu ya harufu ya mle ndani.

Sadala alikuwa amevimba upande mmoja wa uso. Sikudhani alichuchumaa karibu yake, akasema naye Kindengereko kwa sauti ya chini.

"Nimeiona," alisema.

"Iache ilivyo."

"Ijumaa watakunyonga."

"Kibwana yuko Ngarambe. Mama yako yuko Ngarambe. Askari wanangoja mikoba, Siku. Mimi nimeshajihesabu maiti, usiniamshe."

Kibwana alikuwa mdogo wa mwisho wa Sadala, aliyemlea kama mwanawe. Sikudhani alitaka kumwambia kuwa askari watakwenda hata wakifunga risasi kwenye vitambaa, kuwa siku tatu au nne za kuchelewa hazimwokoi mtu. Lakini hakuwa na hakika. Labda siku nne zinamtosha mwanamke mzee kuvuka msitu.

Alirudi bandani. Usiku ule hakulala, na alfajiri alikuwa bado hajajua atafanya nini. Kulipokucha aliwaona wafungwa wawili wakitoka na magogo kwenda uwanjani, kuchimba mashimo ya nguzo za kunyongea. Akachukua jiwe la kunolea wembe, akaanza kuisugua ile ndoana. Aliisugua mpaka ukucha ukateleza, kisha akaing'arisha kwa majivu na kipande cha ngozi. Baada ya hapo akautumbukiza uzi kwenye mafuta, akamwita shaushi, akamwambia kuwa uzi ulikuwa umekaushwa na joto la ghala, si kosa la mtu. Akazungusha gurudumu. Cherehani ikashona toka ncha hadi ncha.

Walimfungua Sadala, lakini mguu mmoja tu. Wa pili waliufunga kwenye mguu wa cherehani. Shaushi akamweleza kwa upole kabisa kwamba uzi ukikatika tena, atakayelipa ni mkewe. Sadala akashona. Sikudhani alikaa mbele yake akipaka nta, na kwa siku zote sita mumewe hakuinua macho. Mikoba sitini ilitoka, mshono umenyooka kama mstari wa wino, maana hakuthubutu kushona vingine.

Kikosi kiliondoka asubuhi ya Jumatano. Baada ya majuma mawili watu waliokimbia Ngarambe wakaanza kuonekana njiani, wachache, wamebeba watoto na vyungu. Mmoja wao alikuwa amemwona Kibwana ameanguka ukingoni mwa kijito, risasi imempata kifuani, ana chupa ya maji ya dawa shingoni. Habari za mama yake Sikudhani hakuna aliyezijua. Nyumba zote za upande ule zilichomwa pamoja na maghala.

Wakati huo Sikudhani na mumewe walikuwa wamesharudi Kibiti. Sadala hakumpiga mkewe wala hakumpa talaka. Usiku mmoja tu Sikudhani alimwomba amlaumu, apate kupumua. Akajibu, "Sikulaumu. Ungefungwa wewe, ningefanya vilevile. Ndiyo sababu sina la kusema."

Mwaka uliofuata njaa iliingia, wakawa wanakwenda pamoja porini upande wa Mchukwi kuchimba ndiga, viazi vile vya mwitu ambavyo visiporowekwa siku nyingi huua. Sadala alichimba, mkewe aliroweka. Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, haujaisha, Sadala akaumwa tumbo siku mbili, akafa. Watu walisema aling'oa kiazi akakila palepale shimoni, hakungoja. Sikudhani aliwasikia, akaendelea kumwaga maji ya ndiga; alijua mumewe hakuwa mtu wa kushindwa kungoja.

Arobaini ilipopita, boma likamtuma mtu kumwuliza kama ataweza kuiendesha cherehani peke yake, posho ni mchele. Kulikuwa na hatamu za punda za kushona. Alikwenda.