Picha za Mama Mkwe

Kompyuta yangu ilifika asilimia tisini na nane ya kupakua daftari la miamala yote ya sarafu za mtandaoni, ikagoma: nafasi imejaa. Bila daftari zima, pochi yangu ya sarafu hizo haifufuki.

"Kwa hiyo miamala ya watu usiowajua unaitunza," mke wangu akasema, "ila picha za mama ndizo zinazokujazia nafasi?"

Nilikuwa nimeshazifuta zote mia nne, bila kupepesa macho.

Daftari likakamilika. Pochi ikadai maneno kumi na mawili ya siri ya kuifungulia. Niliyapiga picha mwaka juzi, nikaificha mahali ambapo mwizi yeyote asingethubutu kuchungulia: katikati ya picha za mama mkwe.

"Nafasi imepatikana?" mke wangu akauliza.

"Tele," nikajibu.