Vitunguu Saumu vya Meneja

Naanza na hili kabla sijapandwa na hasira nikasahau: mbwa hakuwa mvivu. Kila mtu pale yadini alisema ni mvivu, na mimi nilisema, tena nilisema kwa sauti. Sasa nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Yadi ni ya baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Inauza mbao, misumari, na mabati machache kule nyuma. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na hakuna kazi inayochosha kama kusubiri matokeo. Mama akaniambia niende nikamsaidie baba mdogo badala ya kukaa nyumbani kufungua na kufunga friji. Nikaenda.

Meneja ndiye mbwa wa pale. Mkubwa, wa kahawia, sikio moja limesimama na lingine limechoka. Jina alipewa na wapakiaji, kwa sababu kila lori likiingia alikuwa analizunguka tairi moja baada ya jingine, ananusa, halafu anaenda kukaa mlangoni pa ofisi kama anayesubiri karatasi za kusaini. Usipomjua unakimbia. Ukimjua unamwamkia.

Sasa baba mdogo ana elimu yake ya mbwa. Zamani, kabla hajawa na yadi, aliwahi kulinda ghala na mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wakali, na huyo mzee alimfundisha kwamba mbwa wa ulinzi lazima awake ndani. Na cha kumwasha ni kitunguu saumu. Unatwanga vitunguu saumu na vitunguu maji vibichi, unachanganya na mchuzi wa nyama, unampa kila asubuhi. Eti inaua minyoo, inafukuza kupe, inaongeza ukali. Dawa tatu kwenye sufuria moja.

Kazi ya kutwanga nikapewa mimi.

Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua geti, nilikuwa nimekaa kwenye gogo na kinu katikati ya miguu. Vidole vyangu vilinuka mpaka nikiziba mdomo kwa mwayo nalia mwenyewe. Siku za kwanza Meneja alinusa bakuli, akanitazama, akarudi nyuma. Baba mdogo akasema, "Zidisha mchuzi." Nikazidisha. Akala. Alikuwa anaufuata mchuzi, maskini, na mimi najisifu eti nimemzoesha dawa.

Wiki ya tatu akaanza kulala. Lori likiingia anainua kichwa, anakirudisha chini. Wapakiaji wakacheka.

"Meneja kapandishwa cheo, sasa hafanyi kazi!"

"Siyo cheo, kastaafu huyo!"

Halafu mbao ndefu sita zikaibiwa upande wa nyuma, na Meneja hakubweka hata mara moja. Baba mdogo alikuja amevimba.

"Unampa dawa sawasawa?"

"Nampa."

"Basi haimtoshi. Mwili umezoea. Ongeza mara mbili."

Nikaongeza mara mbili. Naomba muelewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo panaponichoma. Mbwa alikuwa analegea kwa sababu ya kile chakula, sisi tukaona amelegea, tukamwongezea kile kile. Akazidi kulegea, tukazidi kuongeza. Watu wazima wawili na akili zao. Haya, mtu mzima mmoja na mimi.

Jumatatu moja Meneja aliinuka kwenda kukojoa karibu na msumeno mkubwa. Pale chini pana unga wa mbao mweupe, kwa hiyo ukimwaga kitu unaona rangi yake. Mkojo ulikuwa kama chai iliyochemka sana.

Fundi wa msumeno akazima mashine. "Huyu kapewa chai ya rangi na nani?"

Tukacheka. Mimi nikacheka. Halafu Meneja akataka kurudi mahali pake, akapiga hatua nne, akakaa. Siyo kukaa kwa kupenda, miguu ilimwachia. Anahema kama amekimbia mji mzima. Nikamfuata, nikamwinua mdomo nimtazame ulimi. Ufizi ulikuwa mweupe. Siyo wa waridi, mweupe, kama chaki.

Kicheko kikaniishia.

Nikaenda ofisini. Baba mdogo alikuwa anaongea na simu. Nikasubiri. Akaendelea. Nikasema katikati ya simu yake:

"Baba mdogo, Meneja anaumwa. Anakojoa damu."

Akafunika simu kwa kiganja. "Haumwi. Kazeeka. Nimeshaongea na jamaa mwenye bunduki, anakuja kesho asubuhi. Nitatafuta mbwa mwingine."

"Bunduki ya nini?"

"Ya kumpumzisha. Nitalisha mbwa asiyefanya kazi?"

"Tumpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo."

Akacheka. Akamwambia yule wa kwenye simu, "Ngoja kidogo, hapa kuna profesa," halafu akanigeukia. "Nimefuga mbwa wewe hujazaliwa. Daktari ataniambia nini? Rudi kazini."

Sikurudi kazini. Nilichukua mkokoteni wa kubebea mbao, nikatandika magunia, nikamnyanyua Meneja. Alikuwa mzito lakini hakupinga, na hilo lilinitisha kuliko mkojo. Mbwa huyo, ukimgusa tumbo siku za kawaida, unatafuta bandeji. Wapakiaji wakapiga miluzi.

"Oya, unampeleka likizo?"

"Mfungulie na mwavuli basi!"

Fundi wa msumeno peke yake hakunitania. Alikuja akanifungulia geti.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mmoja mfupi, mabuti ya mpira miguuni, na miwani ameisukuma juu ya kilemba. Chumba chake kidogo, meza ya chuma katikati, rafu ya dawa ukutani, magunia ya chakula cha wanyama pembeni. Nikamweleza habari ya mkojo. Akamtazama Meneja macho, ufizi, akambonyeza tumbo, akachukua damu kidogo. Halafu akauliza:

"Anakula nini?"

"Mchuzi wa nyama. Na dawa ya minyoo."

"Dawa gani?"

"Ya asili. Vitunguu saumu. Na vitunguu maji."

Akaweka sindano chini taratibu. "Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Mwanzoni hivi, siku hizi hivi.

"Nani anatwanga?"

"Mimi."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Akanisogelea, akaongea kama mtu anayeng'ata maneno.

"Kijana, kitunguu kinavunja damu ya mbwa. Saumu ndiyo mbaya zaidi. Kibichi, kilichopikwa, cha unga, chote ni kile kile. Chembe za damu zinapasuka humo humo ndani ya mishipa, na ndiyo hizo umeziona kwenye mkojo. Hakuwa analala kwa uvivu. Hakuwa na damu ya kumfikisha getini."

"Lakini sisi tunakula kila siku."

"Wewe ni mbwa?"

Akachukua chupa ya dripu kwenye rafu.

"Mwili wake siyo wako. Zabibu kwako tunda, kwake zinaua figo. Chokoleti inamharibia moyo. Zile pipi na bazoka za kutafuna zisizo na sukari, chache tu zinamwangusha siku hiyo hiyo. Mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika vipande kama vioo, unamchana utumbo. Na ninyi kila siku mnaniletea hapa wakiwa wameshakwisha, mnasema, 'Daktari, tulimpa kidogo tu, alikuwa anatuangalia.'"

Alikuwa anamfunga Meneja dripu huku anasema. Mikono laini, mdomo shubiri. Mimi nimesimama na vidole vyangu vinavyonuka, nikaviweka mfukoni.

"Atapona?"

"Sijui. Kama umemchelewesha, siyo kosa lake."

Tulikaa pale mpaka mchana ukaisha. Nilimpigia mama simu, akaja na pochi yake, akalipa bila kuniangalia. Kwa baba mdogo huwa hanyanyui sauti. Tangu baba afariki, neno la mwisho nyumbani kwetu ni la shemeji yake, hata kama ni la rangi ya mapazia. Nikajua anahesabu kichwani jinsi atakavyojieleza.

Kabla ya kuondoka nikataka kuonyesha kwamba na mimi nimeshakuwa mtu. Nikaenda kwenye magunia, nikachagua lenye picha ya mbwa mkali kuliko wote, meno yote nje.

"Nampa hiki."

Daktari akanipiga kofi mkononi. "Unanunua picha au chakula? Geuza nyuma, soma."

Nikageuza. Nikasoma. Cha kwanza kuandikwa kilikuwa mahindi, cha pili pumba, nyama iko chini kabisa karibu na rangi za chakula.

"Kinachoandikwa kwanza ndicho kilichojaa," akasema. "Tafuta nyama au samaki aliyetajwa kwa jina. Tarehe isiwe imepita. Cha mbwa mkubwa, siyo cha watoto. Na usinunue cha kupimiwa kwenye gunia lililoachwa wazi, unyevu ukiingia kinaota kuvu, na kuvu inaua ini. Ukishindwa kupata, wali mkavu na nyama ya kuchemsha. Bila chumvi. Bila viungo. Bila utundu."

Meneja tukamrudisha nyumbani kwetu, siyo yadini. Nilimpigia baba mdogo simu, nikasema yuko kwetu na mwenye bunduki asije. Akasema, "Mbao zangu zinalindwa na nani?" Nikakata. Sijawahi kumkatia simu mtu mkubwa.

Kwa wiki tatu alilala stoo, kwenye blanketi langu. Kila asubuhi namwinua mdomo. Chaki. Chaki. Siku ya sita nikaona kama rangi kidogo, nikamwita mama, mama akasema ni mwanga wa dirisha. Siku ya tisa hakuwa mwanga wa dirisha. Wiki ya tatu akamfukuza muuza maziwa mpaka kona, na mimi nikaomba msamaha huku nacheka peke yangu.

Halafu Jumapili baba mdogo akaja. Amevaa vizuri, kamba mkononi. Akamwona Meneja amesimama uani, akafurahi kabisa, akapiga makofi.

"Mnaona? Nilisema! Ile dawa ilikuwa inamsafisha. Damu chafu yote imetokea kwenye mkojo. Sasa yuko mpya. Haya, twende kazini."

Nilihisi masikio yanapata moto.

"Imemsafisha? Baba mdogo, ile ndiyo iliyotaka kumuua! Daktari kasema—"

"Daktari anauza chakula cha magunia, atasema nini?"

"Alipopelekwa alikuwa hawezi kusimama!"

"Na sasa amesimama. Amesimama kwa nani, kwa wali wako?" Akamgeukia mama. "Shemeji, huyu mtoto matokeo hayajatoka, mdomo umeshafaulu."

Mama alikuwa anaanika nguo. Hakucheka. Akabana kibanio cha mwisho, akasema, "Shemeji, ukimrudisha, atakula nini?"

"Kile kile. Kimemponya."

Halafu akaita, "Meneja!" Na Meneja, huyo mbwa niliyemlaza kwenye blanketi langu, akamwendea mkia ukipiga kama feni. Akajiegemeza kwenye mguu wa baba mdogo kwa uzito wake wote, akafumba macho. Nilimkasirikia na yeye. Huna kumbukumbu? Huna aibu?

"Unaona anavyonipenda?" baba mdogo akasema, anafunga kamba.

Nikaenda nikasimama getini, mgongo kwenye komeo.

"Toka hapo."

"Anakupenda, ndiyo," nikasema. Sauti ilipasuka, sikujali. "Ndiyo maana alikula. Siku ya kwanza alinusa akarudi nyuma. Mbwa alijua! Akala kwa sababu wewe ulisimama pale na mimi nikampa. Angekula misumari kama ungemwekea. Unataka umpe tena?"

"Toka nimesema."

"Sitoki!"

"Shemeji, mwambie mwanao."

Mama akachukua beseni lake tupu, akaja, akasimama karibu na mimi. Alisimama tu pale getini na beseni kiunoni, na geti letu ni jembamba, watu wawili wanalijaza.

Baba mdogo alitutazama. Nilidhani atanisukuma, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akinisukuma narudi pale pale. Meneja bado amemwegemea. Baba mdogo akateremsha mkono, akamkuna kwenye lile sikio lililochoka, halafu, nadhani bila kukusudia, kidole kikamwinua mdomo. Akauangalia ufizi. Akaangalia muda mrefu. Ni waridi, anaweza kuona. Na siku zile ulipokuwa mweupe alikuwa ofisini na simu.

Akafungua kamba. Akatoa ile penseli bapa ya kuchorea mbao, anayoiweka nyuma ya sikio hata Jumapili. Akakunjua kiganja.

"Haya, profesa. Vitunguu hapana. Nini kingine?"

Sikutaka kumwambia. Nilitaka aombe radhi kwanza, aniombe mimi, amwombe mbwa, apige magoti kwenye mchanga. Mama akanigusa kwa ukingo wa beseni.

"Mwambie."

Nikamwambia. Saumu. Zabibu. Chokoleti. Mifupa ya kuku iliyopikwa. Pipi zisizo na sukari. Niliyatupa majina kama mawe, moja moja, na yeye anaandika kiganjani, herufi zake kubwa za mbao. Akafika mwisho, akarudi juu, penseli ikasimama.

"Saumu," akasema polepole, "hata kidogo? Kwa ajili ya kupe tu?"

"Hata kidogo!" nikapiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. "Hata kidogo, baba mdogo! Hata kidogo!"

Akaandika. Halafu akatuomba njia, akatoka peke yake, na kamba tupu mkononi.