Kisu cha Kwenda Nacho Kikosini

Kila asubuhi, kabla ya kufungua bucha, Baba alinoa visu. Alianza na kile kikubwa cha kukatia, akaja kwenye cha kutolea mifupa, akamalizia na kile chembamba cha kuchunia ambacho hakuruhusu mkono mwingine ukiguse. Alikinyunyizia kinoo maji, akainama, na chuma kikaanza kusema: shwaa, shwaa, shwaa. Binti yake, ambaye kazi yake saa hiyo ilikuwa kufuta kulabu, hakuhitaji kumwangalia usoni kujua ameamkaje. Mlio wa taratibu, mambo shwari. Mlio wa haraka, kuna jambo. Na wiki hiyo nzima, tangu mdogo wake aliporudi likizo kutoka mafunzo ya jeshi, mlio ulikuwa wa mbio.

Mara mlango wa bucha ukapigwa teke.

"Mikono juu!"

Kinoo kikaanguka. Aliyesimama mlangoni alikuwa Njiti mwenyewe, mwanajeshi mpya, kifua mbele, ameshika kisu kirefu kama mkono wa mtoto. Jina la Njiti alipewa na wateja tangu akiwa mdogo kwa wembamba wake. Jeshi lilikuwa limemwongezea mabega, lakini jina lilikuwa limeshamganda, halikuwa na mpango wa kuhama.

"Ungenitoa kidole, wewe!" Baba alifoka.

"Samahani, Baba. Nimekuja kuwaonyesha. Tumeruhusiwa kila mtu aende na kisu chake. Nimenunua hiki barabarani. Tazameni, kina meno ya msumeno mgongoni! Na mpini uko wazi ndani, mna ndoana za samaki. Na hapa kwenye kifuniko, dira!"

Baba alikipokea. Akakipima uzito, akakinusa kama anavyonusa nyama. Kisha akakichomeka kwenye gogo la kukatia, akakiegemea kidogo tu.

Tak!

Ubapa ukabaki umesimama kwenye gogo. Mpini ukabaki mkononi mwa Baba. Ndoana zilimwagika sakafuni, na dira ikabingirika mpaka miguuni kwa binti.

Dada mtu aliiokota, akaitazama. "Si haba," alisema kwa sauti yake ndogo. "Ukianza kulia utajua umeelekea kaskazini."

Njiti alicheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka, ila masharubu yake yalitikisika upande mmoja. Akavua aproni.

"Viatu," alisema. "Twende."

Ukiacha kule kufoka, hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia mwanawe tangu Jumatatu. Dada alijua, maana jana yake jioni Njiti alikaa naye kwenye ngazi za nyuma akamwambia kilichokuwa kinamkaba. Kesho, Jumapili, gari la jeshi lingemchukua kwenda kikosini, huko mbali ambako hata simu hushika ikipenda. Mama alishalia yote aliyokuwa nayo, akamaliza, akarudi kwenye shughuli zake. Baba je? Hajasema nenda, hajasema usiende.

"Ananichukia kwa sababu nimeiacha bucha," Njiti alisema. "Dada, akinipa mkono tu bila neno, sijui nitapandaje lile gari."

Dada alitaka kumwambia kwamba sivyo, lakini hakuwa na uhakika, na yeye kusema jambo asilo na uhakika nalo kulimtoa jasho. Akamshika tu bega.

*

Duka lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, limejaa viatu vya jeshi, kamba, mahema na harufu ya turubai. Mwenye duka alikuwa mama mnene mstaafu, aliyetunza stoo ya jeshi mpaka mvi zikamwota. Wote walimwita Afande. Aliongea kana kwamba upande wa pili wa barabara kuna kikosi kinamsikiliza.

"Kisu cha nani?"

"Cha huyu," Baba alisema, akimwonyesha Njiti kwa kidevu.

"Cha kukunja au cha ala?"

"Cha ala. Kisichokunjika, kisichokatika kama kile chake chenye dira, kisichonitia aibu."

Afande alifungua droo ndefu, akatandaza visu juu ya kipande cha blanketi. Macho ya Baba yakawaka. Mikono yake ikaruka moja kwa moja kwenye kisu kirefu chembamba. Akakipinda kikapindika kama ufito, akakiachia kikaimba. Akakipitisha mkononi, nywele zikadondoka.

"Hiki," alisema.

"Mzee," Afande alisema, "hicho ni cha kutoa mfupa wa paja. Mwanao anakwenda kutoa mfupa wa nani?"

Dada aliziba mdomo. Masikio ya Baba yakaiva.

"Sikiliza nikwambie kazi za kisu huko," Afande akaendelea. "Kukata kamba. Kuchonga vigingi vya hema. Kupasua kuni zilizolowa. Kubandua kifuniko cha kasha. Kuchimba, Mungu atusamehe, maana sepetu haipo karibu ukiwa na shida. Na kumenya viazi. Kijana, usidanganywe na mtu, viazi ndiyo vita yenyewe."

"Hata mafunzoni ilikuwa hivyo hivyo, Afande," Njiti alisema kwa huzuni.

"Basi. Kisu kimoja kifanye yote hayo." Akachukua kimoja cheusi, kifupi kuliko Dada alivyotarajia, ubapa wake hauzidi shubiri. Kilikuwa na mgongo mnene na sura ya mtu asiyependa mzaha. "Huu ubapa haujaishia hapa kwenye mpini. Chuma kimepita ndani hadi mwisho, kikaja kufungwa kwa ribiti, hizi pini za chuma. Ule wenu uliokatika ulikuwa na mkia wa panya tu ndani ya mpini, siyo?"

"Haukuwa na mkia kabisa," Baba alikiri.

Afande akakisukuma kisu katikati ya mbao mbili za kasha, akakilalia kwa uzito wake wote, na uzito huo haukuwa wa mchezo. Misumari ya kasha ikalia, ubao ukang'oka. Kisu kilitoka kama kilivyoingia.

Hapo pakazuka ubishi. Afande alikuwa na kingine, umbo lile lile, cha chuma kisichoshika kutu, king'aacho kama kijiko cha wageni. Akasema kwa mvua za huko hicho ndicho bora. Baba akakataa. Alisema chuma kigumu namna ile makali yakishakufa kuyafufua ni kazi ya siku nzima, na kijana hatakuwa na siku nzima. Cheusi kitashika kutu asipokipaka mafuta, ndiyo, lakini kitanoleka kwa jiwe lolote la mtoni.

"Na mng'aro wa nini?" akaongeza. "Anakwenda kujificha au anakwenda harusini?"

Afande alimtazama upya. "Hapo umenishika, mzee. Cheusi."

Njiti alikivaa kiunoni, akaruka juu chini katikati ya duka, akageuza ala kichwa chini akaitikisa. Kisu hakikutoka. Akafumbata mpini kwa mkono uliolowa maji, haukuteleza. Alikuwa na furaha ya waziwazi, akamgeukia baba yake kusikia atasema nini. Baba akageuka kutazama kamba.

Wakati wa kuondoka, Afande alimshika Baba kiwiko. "Makali yameachwa manene makusudi, ili yahimili kugongwa. Naona mikono inakuwasha. Usikiguse."

"Mimi?" Baba alisema, kama mtu aliyesingiziwa wizi.

*

Baada ya chakula cha mchana, Dada alikuwa akisuuza vyombo aliposikia: shwaa, shwaa, shwaa.

Alikimbia na mikono yenye povu. Nyuma ya nyumba, Baba alikuwa ameketi juu ya kigoda, kinoo magotini, kisu cheusi mkononi. Kazi ilikuwa imekwisha. Makali yalikuwa yamekonda mpaka yameanza kung'aa. Baba alidondosha ganda la kitunguu juu yake, likagawanyika likiwa hewani.

"Baba! Afande alisema nini?"

"Nilikuwa naweka sawa tu," Baba alisema. "Nikaona bado kidogo. Halafu nikaona bado kidogo."

Njiti akatokea. Alipoona ganda la pili likigawanyika, akapiga mluzi. Kisu kunolewa na Baba, kwa mikono ile ile iliyonoa kile chembamba! Akakichukua kwa heshima, akaenda kwenye rundo la kuni za Mama, akakiweka juu ya gogo bichi akakigonga kwa mchi, kama alivyofundishwa.

Pigo la kwanza kikaingia. La pili, pakasikika mlio mdogo, mbaya.

Makali yalikuwa yamemeguka. Yalifanana na ufizi wa mtoto anayebadili meno.

"Si kitu, Baba," Njiti alisema haraka, akikificha nyuma. "Kinafaa hivi hivi."

Baba alisimama. Akaenda bombani kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, akainawa tena.

"Umeona?" Njiti alimnong'oneza dada yake, macho yakimeta. "Amekiharibu makusudi. Hataki niende."

Dada alimtazama baba yao, mgongo umeinama juu ya bomba, maji yakimwagika bure. Maisha yake yote alikuwa amesikiliza kile kinoo. Visu vya shule vya kuchongea penseli, Baba alivinoa. Alipofaulu mtihani wa chuo, Baba hakumpongeza. Alimnolea mkasi wake wa kushonea hadi ukawa hatari kuushika. Leo ndiyo alielewa kwamba mdogo wake hajawahi kujua kuisikia lugha hiyo, na kesho hapangekuwa na muda wa kumfundisha.

 Akafuta povu kwenye gauni.

"Viatu," alisema.

Wanaume wote wawili wakamgeukia. Hawakuwa wamezoea kuamriwa naye. Wakavaa viatu.

*

Afande alikitazama kisu, akamtazama Baba, akakitazama kisu tena. Kisha akacheka mpaka ikabidi akae juu ya gunia la kamba.

"Mikono ilikuwasha!"

"Iliwasha," Baba alisema kwa unyonge.

"Kimekufa, Afande?" Njiti aliuliza.

"Kife kwa hili? Kingekuwa kile chenye dira, tungekuwa matangani." Akajinyanyua, akawasha mashine ya kunolea kwenye kona. Cheche zilimwagika kama mchanga, sehemu iliyomeguka ikaliwa kidogo kidogo, na chuma chini yake kikaonekana kizima. Ubapa ulipungua upana, basi. Akayaacha makali manene, akakichovya kwenye maji, akakigonga juu ya kipande cha gogo mara kadhaa. Hakuna kilichomeguka. "Kama kimevumilia mapenzi ya baba muuza nyama, jeshi ni mteremko."

Akakiweka mikononi mwa Baba. "Mpe mwanao. Kama kilivyo."

Baba akakishika. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye makali, kikayaonja, kikasikitika. Macho yakaanza kuzunguka dukani, yakalipata jiwe dogo la kunolea kando ya mizani. Dada alilipata kwanza. Akalichukua akalitia mfukoni mwa gauni.

"Kidogo tu," Baba alisema.

"Hata kidogo," alisema Dada.

Basi mzee akabaki pale, kisu mkononi, hana la kukifanyia.  Afande akajifanya anakunja turubai lililokwisha kunjwa.

"Usikilaze kwenye ala ikiwa imelowa," Baba alianza.

"Ndiyo, Baba."

"Kipake mafuta. Hata ya kupikia."

"Ndiyo, Baba."

"Na ukikata, kata ukielekea nje. Siyo kwenye paja lako, kama ulivyofanya mwaka ule na..."

"Ndiyo, Baba."

Maagizo yakamwishia Baba. Akaanza kukigeuza kisu, huku na huku, akitafuta upande ambao bado haujakamilika.

"Baba," Dada alisema. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Hakihitaji kitu tena. Mwambie tu."

Baba akamtazama bintiye. Kisha akamtazama Njiti, akamtazama hasa, mabega mapya na shingo ile ile nyembamba.

"Mimi sijakasirika," alisema. "Hata siku moja sikukasirika. Bucha ni bucha tu, nikichoka nitaifunga nikalale. Nimekunyamazia kwa sababu kila nikifungua mdomo nasikia nitakuomba ubaki, na wewe si wa kubaki, naona, umesimama kama mtu. Naogopa, mwanangu. Naringa nawe pale sokoni mpaka watu wamenichoka, halafu nakuja nyumbani naogopa." Akavuta pumzi, akamnyooshea mpini. "Nakupenda. Haya, shika kisu chako."