Daktari Wetu wa Mwaka wa Tatu

Kusema kweli, sijawahi kumdanganya mtu. Niliwaacha tu wajidanganye, nami nikafaidi.

Kidato cha sita nilikosa udaktari kwa sababu ya Fizikia. Nikachukua shahada ya sayansi, Kemia na Baiolojia, nikajipangia: nimalize na alama nzuri, niombe tena udaktari, nianze upya miaka mitano. Baba yangu, mzee Kipriani, hakuwa na subira na mpango mrefu namna hiyo. Alilitangazia kanisa zima pale Heru Juu kwamba Esteri anasomea udaktari. Likizo ya kwanza mchungaji akasema daktari wetu asimame tumwone. Nikasimama. Nilikuwa na gauni jipya, sikuona sababu ya kubaki nimekaa.

Tangu hapo kila likizo napangiwa foleni uani: kikohozi, mgongo, mtoto asiyelala. Nawaambia wanywe maji mengi, waende zahanati. Wanashukuru, wanaacha maharage.

Likizo ya mwaka wa tatu nilikuja na kitabu kinene cha mwili wa binadamu, nijiandae na yale maombi ya udaktari. Siku ya pili akafika mama mdogo Vestina kutoka Mabamba, anakouza mawese. Alifunga mlango wa chumba, akafungua blauzi, akanishikisha titi la kushoto. Palikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama yai la kuku, na ngozi juu yake imevutika kwa ndani.

"Kilianza lini?"

"Pasaka. Kilikuwa kama harage. Zahanati wakasema niende hospitali ya Kibondo. Nikasema, nikawavulie nguo watu nisiowajua, na mwana wanje, mwanangu daktari, anakuja mwezi wa nane?"

Kesho yake nikampeleka hospitali. Nilitegemea moyo unidunde, haukudunda. Ukutani palikuwa na bango la namna ya kunawa mikono. Nililisoma mara tatu.

Daktari alimpima, akauliza kwa nini amechelewa hivyo. Mama mdogo akanionyesha kwa kidevu, kwa fahari kabisa. "Nilikuwa namngoja daktari wetu."

Daktari akanigeukia kama mwenzake, akanimwagia maneno ya kitabuni. Niliyookota ni matezi ya kwapani, ini, na rufaa ya Mwanza. "Mweleze wewe," akasema, "atakusikia zaidi." Nikaitikia kwa kichwa. Ni mazoea tu.

Nje tuliketi kwenye benchi. Mama mdogo alinunua chapati mbili, akanipa moja.

"Haya, daktari. Amesemaje?"

"Sikuelewa yote, mamdogo. Mimi si daktari. Nasomea kemia. Udaktari wenyewe sijaanza, naomba mwakani, na huenda wasinichukue. Lakini ugonjwa wako ni mkubwa, na umekawia."

Nilisema yote kwa sauti ile ile ninayoulizia nauli. Nilijua ni kosa langu, najua hata sasa. Nilijipekua ndani nione kama kuna huzuni, sikukuta kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi, natafuna chapati.

Hakukasirika. Alikaza kanga kifuani, akakaa akiwatazama bodaboda wanaogombea abiria getini.

"Basi miezi minne yote," akasema taratibu, "nilikuwa namngoja nani?"