Korido Inayokwenda Kilimani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ya Jumamosi, mke wa mpima ardhi alikuwa ameshasimama getini, kamba za raba zimefungwa, chupa ya maji mkononi, mguu wa kulia ukidundadunda chini wenyewe. Wiki nzima alikuwa amekaa kwenye stuli ya posta akipanga barua za watu wanaokwenda mbali. Miguu ilikuwa inamuwasha tangu Alhamisi.

Mumewe alitoka ndani amevaa traksuti mpya yenye mikunjo ya dukani. Akafika getini, akakitazama kilima chenye tangi la maji kule mwisho wa mji, akalitazama jua, akajipapasa kichwani.

"Mama, hebu kimbia uniletee kofia. Si unajua ilipo?"

Alijua. Kofia, miwani, funguo, mwavuli, vyote vilining'inia kwenye misumari nyuma ya mlango wa jikoni. Misumari hiyo aliipigilia mume mwenyewe mwaka walipohamia, na tangu siku hiyo hajawahi kutungua kitu hata kimoja kwa mkono wake. Mke akarudi ndani, akapita sebuleni, akaingia koridoni, akafika jikoni, akatungua kofia. Aliporudi akakuta mumewe ameshaketi kwenye kiti chake sebuleni, kamba za viatu zimelegezwa.

"Jua limeshakuwa kali," alisema. "Tutaenda Jumamosi ijayo."

Maneno hayo mke aliyazoea. Daktari ndiye aliyewapa zoezi hilo, wote wawili, baada ya kuwapima presha: kila Jumamosi saa mbili za kutembea, tena pamoja. Neno "pamoja" alilipigia mstari kwenye karatasi. Mke aliichukua karatasi ile akaibandika ukutani kwa furaha ambayo hakumwambia mtu. Kilima kile alikuwa akikiona kwa miaka kumi na saba ya ndoa na hawakuwahi kufika. Hakutaka makubwa. Alitaka wasimame pale juu siku moja, yeye na mumewe, amwonyeshe kwa kidole paa la posta.

Jumamosi ile alipokuwa akirudisha kofia kwenye msumari wake, aligundua kwamba korido imerefuka. Haikurefuka sana. Taa ilikuwa katikati, sasa ilikuwa imebaki upande wa sebuleni. Alimwambia mumewe, na mume akatoa utepe wa kupimia kwenye mkoba wa kazi, maana alikuwa mtu wa vipimo, humwambii kitu bila namba. Mchoro wa nyumba ulisema mita tisa na sentimita arobaini. Utepe ukasema kumi na nane na themanini.

"Jiko limehama," alisema, akaandika kwenye daftari.

Kesho yake akapigilia kigingi cha mti sakafuni, pembeni ya kiti chake, akakipaka rangi nyekundu kichwani. Hicho kikawa kigingi cha sifuri. Vipimo vyote vingeanzia hapo, na kigingi cha sifuri, alimweleza mkewe mara tatu kwa subira ya mwalimu, hakisogei. Kwa nje nyumba haikubadilika. Ukiizunguka ukuta kwa ukuta ilikuwa hatua zilezile, na vyumba viwili vya kulala vilibaki palepale mwanzoni mwa korido. Jiko ndilo lililokuwa linakwenda.

Dirisha la jikoni lilikuwa limetazama ukuta wa jirani tangu nyumba ijengwe. Jumatano likatazama uwanja wa mpira. Wiki ya pili likawa linatazama reli, na mke akaanza kuosha vyombo huku akiwapungia mkono abiria. Mwenye nyumba aliitwa akaja, akavua viatu, akatembea mpaka jikoni na kurudi, akasoma mkataba. Akasema mkataba unataja korido moja, na anachokiona ni korido moja, kwa hiyo hana neno. Akaomba maji ya kunywa. Mume akaita, mke akaenda.

Ni wiki ya nne ndipo mke alipokaa chini na kalamu ya posta akapiga hesabu. Jumatatu ile mumewe alimwita mara sita: chai, sukari, kijiko, taulo, chaja ya simu, na kuja kuangalia kama dirisha la sebuleni limefungwa, ambalo lilikuwa nyuma ya kisogo chake. Usiku utepe ulionyesha korido imeongezeka mara sita ya urefu wake wa zamani. Jumanne aliitwa mara tatu. Ikaongezeka mara tatu.

"Baba," alisema, "kila ukiniita, jiko linarudi nyuma."

Mume alicheka, hakucheka kwa ubaya. "Mama, hiyo si elimu. Sakafu haina masikio." Kisha akajipapasa mfuko wa shati. "Hebu niletee kalamu nyingine, hii imeisha wino."

Huko mwisho wa korido jiko likasikika likijivuta. Ilikuwa sauti ya kabati zito likisukumwa, na vikombe vikagongana kidogo. Mume aliisikia. Akaandika: *Saa mbili na dakika kumi, jiko limehama tena.*

"Si uhamishie kiti chako jikoni?" mke aliuliza. "Ukae karibu na vitu vyako."

"Kiti kiko kwenye sifuri."

"Uhamishe na sifuri."

Mume alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni.

Habari zikaenea, maana mtaa hauna siri. Korido ilikuwa na kivuli, haina matope wala mbwa, na mke alikuwa ameweka taa kila baada ya hatua hamsini. Wenzi wa mtaani wakaanza kuja Jumamosi kufanya mazoezi. Walibisha hodi, wakamsalimu mume kwenye kiti chake, wakaingia wawili wawili. Jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza vitambaa, alikuja na mumewe, dereva mstaafu. Walitembea polepole wameshikana mikono, wakibishana kuhusu mambo ya kipuuzi. Mke wa mpima ardhi alipishana nao akikimbia na sinia la chai, halafu akapishana nao tena akirudi na sinia tupu.

"Hongera, shoga!" jirani alimwambia. "Wewe una bahati. Mazoezi umeletewa mpaka ndani!"

"Asante," alisema. Iliuma. Alipofika jikoni alifungua bomba kwa nguvu zote ili asijisikie akilia, akalia kidogo, akanawa, akabeba sukari iliyokuwa imesahaulika.

Miguu haikutulia lakini. Hilo ndilo lililomshangaza yeye peke yake, wengine hawakuwa na la kushangaa. Alitembea kilomita kwa kilomita, ndala zikaisha, akahamia kwenye raba siku zote, na bado akilala miguu ilitikisika chini ya shuka. Kwenye stuli ya posta ilidunda mpaka wenzake wakamsogezea gunia la barua alikanyage. Alikuwa anakwenda kweli, sema hakuwa anafika popote.

Miezi mitatu ilipotimia wakarudi kwa daktari. Daktari akamfunga mke kile kitambaa cha presha, akapampu, akasoma, akapampu tena kuhakikisha.

"Mama, moyo huu ni wa msichana," alisema. Akamgeukia mume, akapima, akavua miwani. "Mzee, wewe imepanda. Mnatembea?"

"Tunatembea, daktari," alisema mume.

Daktari akamtazama mke kwa masikitiko. "Mama, mbona unafanya peke yako? Niliandika pamoja. Nikapiga na mstari."

"Huwa hanisubiri," mume alisema taratibu. Hakudanganya kwa kukusudia. Kutokea kwenye kiti, hivyo ndivyo alivyoona: mgongo wa mkewe ukienda mbali, kila siku.

Mke alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, tena mengi, mia tatu themanini na tatu kwa hesabu yake, yote ya hebu niletee. Yakasongamana mlangoni, halikutoka hata moja. Daktari akaandika kwenye karatasi mpya kwamba mama ajitahidi kwenda na kasi ya mzee.

Walipokuwa wakirudi nyumbani mume alimgusa bega. "Usijali," alimwambia. "Mimi nimeshakusamehe."

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na robo, walisimama getini wote wawili. Safari hii mke alikuwa amejipanga. Usiku alitungua kofia akaiweka sebuleni juu ya meza, na miwani pembeni yake, na mwavuli. Mume alivaa kofia. Akavaa miwani. Akashika mwavuli. Wakapiga hatua nne nje ya geti, na mke akawa anazihesabu, maana hawajawahi kufika hatua ya nne.

"Kumbe!" alisema mume, akasimama. "Leso. Nitajifuta na nini? Hebu kimbia uniletee."

Leso ilikuwa kwenye msumari.

Mke aliingia koridoni. Siku ile kipimo kilisomeka kilomita tatu, mita mia sita na kumi na tisa, wakati kilima kilikuwa mbali nusu saa na zaidi kwa mguu. Akatembea bila kukimbia. Jirani na dereva mstaafu walikuwa wameketi kwenye benchi walilojiwekea karibu na taa ya arobaini. Wakasalimiana. Alipofika jikoni akatungua leso, na pale ndipo alipoona kwamba dirisha lina kijani kitupu.

Akafungua mlango wa nyuma. Majani yalikuwa na umande. Mbele yake, hatua mbili tu, lilisimama tangi la maji la kilimani, la saruji, kubwa kuliko alivyodhani, limeandikwa namba kwa rangi iliyobabuka. Akaweka kiganja juu yake. Lilikuwa baridi.

Chini mji mzima ulikuwa umelala chali. Aliiona reli, akauona uwanja wa mpira, akaliona paa lao, na geti, na mtu mdogo mwenye mwavuli akigeuka kurudi ndani. Aliliona na paa la posta. Akanyoosha kidole.

"Pale," alisema. "Chini ya lile bati ndipo ilipo stuli yangu."

Upepo ukapita. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe haikuwa na pa kukaa, kwa kuwa kila alipogeuka pembeni palikuwa wazi. Aliketi kwenye kizingiti cha jiko, akatazama kwa muda mrefu. Miguu yake ilitulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na alijua imetulia, akaogopa kuisogeza.

"Mama!" Sauti ya mumewe ilifika vizuri, kuta za korido zilikuwa zimenyooka. "Mama ee!"

"Abee!" mdomo ulijibu wenyewe.

"Ukija, njoo na kijiko!"

Kizingiti kikajivuta kikiwa naye. Tangi lililokuwa hatua mbili likawa hatua kumi na nne.

Alifika sebuleni saa nne kasoro. Mume alikuwa kwenye kiti, viatu pembeni, kigingi chekundu kando ya mguu wake. Alipokea leso akajifuta paji la uso, ingawa halikuwa na jasho.

"Jua limeshakuwa kali," alisema. "Tutaenda Jumamosi ijayo."

"Mimi nimefika," mke alisema. "Jiko liko kilimani. Ukifungua mlango wa nyuma, tangi lile pale. Twende sasa hivi, baba. Kwa hapahapa koridoni, kuna kivuli. Lakini usiniite njiani, maana linasogea. Jumamosi ijayo litakuwa limeshapita."

Mume aliinuka kidogo kwenye kiti, na mke akanyoosha mkono kumsaidia. Kumbe alikuwa anafikia daftari. Akaandika tarehe, saa, na maneno: *Jiko limefika kilimani.* Akayasoma, akatabasamu, akaridhika kabisa.

"Basi tumefika," alisema.

"Tumefika nani?"

"Sisi. Jiko si la nyumba yetu? Nyumba ikifika, sisi tumefika. Nitamwambia daktari." Akafunga daftari, akajinyoosha kama mtu aliyetoka safari. "Kweli kutembea kunachosha. Hebu niletee maji ya kunywa."

Huko mwisho vikombe viligongana. Jiko lilikuwa limeanza kukiacha kilima.

"Abee," alisema mke, akainama kufunga kamba za raba.