Kihispania Changu

“Anauliza umeimba lugha gani,” Awiti aliniambia.

Nilicheka. Awiti, mpiga besi wetu, alikuwa mtu wa mizaha, na yule baharia aliyekuja naye kutoka bandarini alikuwa Mkuba. Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka jukwaani, jasho likinitiririka, watu wa Mwembe Tayari bado wanapiga makofi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa huko huko Kuba.

“Mwambie ni Kihispania.”

Awiti akamwambia kwa Kiingereza. Baharia alinitazama, kisha akainamisha kichwa kwa haya.

Nilikuwa mtoto nilipozisikia santuri za Kuba kwa mjomba Dzoro, hamali wa maghala ya Shimanzi. Kila Jumapili yeye alijilaza chali sakafuni, mimi nikakaa kando ya gramafoni, nikiyadaka maneno jinsi yalivyotoka kwenye mikwaruzo. Tarumbeta zile zilinitia hamu ya kulia na kucheza kwa pamoja. Wa kumuuliza maana hakuwapo. Nilikua na nyimbo hizo, nikaolewa nazo, nikaacha ukarani ili niziimbe. Mwaka ule wa tisini na nne matangazo ya bendi yaliniita Kadzo wa Havana, nami kila nilipoimba niliamini kuna watu mbali huko ambao wangenielewa.

Kumbe sikuwa nimesema lolote.

“Hata neno moja hakulipata?”

“Dada, achana naye.”

“Muulize!”

Akauliza. Baharia alitikisa kichwa. Halafu akasogeza kiti, akazungumza kwa muda mrefu, na Awiti akatafsiri polepole, mzaha wote umemtoka.

“Nyanya yake alikuwa akiimba nyimbo za Kiafrika. Alizirithi kwa mamake, na mamake kwa mamake, tangu utumwani. Kwao hakuna anayejua maana yake. Ulipoimba alidhani ndiyo lugha yenyewe. Alidhani amefika.”

Baharia alifumba macho, akaimba wimbo mmoja wa nyanya yake kwa sauti ndogo huku kidole kikigonga meza. Alipomaliza alinikazia macho, akingoja nimwambie maana yake.

Nilitafuta katika Kigiriama changu. Nikatafuta katika Kiswahili. Nikamgeukia Awiti na Kijaluo chake, naye akatazama pembeni.

“Mwambie aimbe tena,” nikasema.